Wasilisho la Darasani Huandaliwa kwa Mdomo: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwalimu akishatangaza mada na tarehe, wengi wetu hufanya jambo lilelile jioni ile. Tunafungua kompyuta, tunatafuta kiolezo chenye rangi nzuri, tunaandika jina kwenye slaidi ya kwanza, kisha tunaanza kunakili aya kutoka huku na kule. Baada ya muda tuna slaidi kumi na nane na moyo umetulia kana kwamba kazi imekwisha. Kumbe haijaanza. Hakuna hata neno moja lililotamkwa.

Nimesikiliza mawasilisho mengi, mengine nikiwa mwanafunzi, mengine nikiwa nimeketi upande wa wanaotoa alama, na jambo moja limenikaa: wasilisho ni kitu cha kusemwa, na kitu cha kusemwa huandaliwa kwa kukisema. Anayeanza na mdomo huishia na slaidi chache zinazomsaidia. Anayeanza na slaidi huishia kuwasomea wenzake maandishi ya ukutani huku amewapa mgongo. Ndiyo maana katika mwongozo huu slaidi zinakuja katikati ya safari.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, ili tusizungumze hewani. Tuseme umepewa mada ya kipindupindu, dakika kumi za kusema na dakika tano za maswali.

Hatua ya 1: Isome kazi kabla ya kuisomea

Rudi kwenye karatasi ya maelekezo, usome polepole. Ni dakika ngapi? Alama zinagawanywaje: maudhui, mpangilio, sauti, vielelezo, majibu ya maswali? Unatakiwa kukabidhi maandishi pia? Kama kuna jambo halieleweki, muulize mwalimu mapema. Hii ni kazi ya robo saa, lakini nimeona watu wakipoteza alama nyingi kwa kueleza historia ya jambo wakati waliambiwa walinganishe pande mbili.

Hatua ya 2: Tafuta sentensi moja

Hapa ndipo wasilisho linapozaliwa au kufa, kwa hiyo usiharakishe.

"Kipindupindu" si wasilisho, ni neno. "Kipindupindu: maana, historia, dalili, kinga na tiba" nalo si wasilisho, ni yaliyomo ya kitabu. Mtu akikusikiliza ukipitia vichwa hivyo vitano kwa dakika mbilimbili, atatoka mlangoni akiwa na vumbi la kila kimoja na mzigo wa hakuna. Unachotafuta ni sentensi kamili yenye mtenda na tendo, ambayo ungependa mwenzako aweze kuirudia kesho bila daftari.

Namna ya kuipata ni hii. Soma kwanza, siku moja au mbili, ukiandika dondoo. Kisha funga kila kitu, mtafute mtu asiye wa darasa lenu, ndugu, rafiki au jirani, umwambie: "Nikueleze nilichosoma, kwa dakika mbili." Usishike karatasi. Mweleze tu. Utajikuta unaruka mambo fulani bila kufikiri na unang'ang'ania jingine moja kwa sababu lilikugusa. Hilo ulilong'ang'ania ndilo. Na maswali atakayokuuliza ("Kwa hiyo walijuaje?" "Mbona wengine hawakufa?") ndiyo maswali ya wasikilizaji wako, yameletwa bure kabla ya siku yenyewe.

Kwa mada yetu, tuseme umekutana na habari za John Snow, daktari wa London, na mlipuko wa mwaka 1854 katika eneo la Soho. Sentensi yako inaweza kuwa hivi: "John Snow alionyesha kwamba kipindupindu kinasafiri kwa maji, na alifanya hivyo kwa kufuatilia nani alikunywa wapi." Iandike kwenye kikaratasi, ibandike juu ya meza. Kuanzia hapa kila kitu kitapimwa kwayo.

Hatua ya 3: Tupa

Kutupa kunauma, hasa ukiwa umesoma kwa bidii. Snow huyohuyo ndiye aliyempa Malkia Victoria dawa ya klorofomu, ya kupunguza uchungu, alipojifungua mwaka 1853. Habari tamu! Lakini haisaidii sentensi yetu hata kidogo, kwa hiyo inatoka. Robert Koch, daktari wa Kijerumani aliyemtambulisha bakteria wa kipindupindu miaka ya 1880, naye anatoka, au anabaki kwa nusu sentensi. Vitu hivi usivifute. Viweke pembeni kwenye ukurasa wa akiba, maana wakati wa maswali vinaweza kukuokoa.

Halafu pima muda kwa kinywa chako mwenyewe. Chukua ukurasa wowote, washa saa ya simu, usome kwa sauti kwa dakika moja kana kwamba unamfafanulia mtu. Hesabu maneno. Hiyo ndiyo kasi yako. Usiazime ya mtu mwingine, kwa kuwa kuna wenye ulimi mwepesi na kuna watulivu. Ukipewa dakika kumi, andaa maneno ya dakika nane. Mbili zilizobaki zitaliwa na kutulia mwanzoni, vicheko, slaidi inayochelewa na pumzi zako. Hazibaki kamwe. Na ndani ya dakika nane, hoja tatu zinatosha. Nne ni nyingi. Mbili, ukizieleza vizuri, si dhambi.

Kwa mfano wetu: kwanza, watu wa wakati ule walidhani ugonjwa unaletwa na hewa chafu. Pili, Snow alifuata vifo nyumba kwa nyumba, akakuta vimekusanyika kuizunguka pampu ya maji ya Broad Street, mtaa wa Soho. Tatu, na hii ndiyo yenye nguvu, kulikuwa na watu waliopaswa kufa hawakufa, na watu ambao hawakupaswa kufa wakafa.

Hatua ya 4: Panga kwa ajili ya sikio

Msomaji akipotea hurudi ukurasa wa nyuma. Msikilizaji hana pa kurudi. Neno likishapita limepita, na akikaa dakika moja akijiuliza ulimaanisha nini, dakika hiyo nayo unamkosa. Tofauti hii ndiyo inayoamua namna ya kuanza, kuunganisha na kumaliza.

Tuanze na mwanzo. Mwanzo uliozoeleka ni huu: "Habari zenu, naitwa fulani, leo nitawasilisha kuhusu kipindupindu, katika wasilisho langu nitagusia maana ya kipindupindu, kisha..." Wenzako wameshakujua jina tangu muhula uanze, na mada imeandikwa ukutani. Umetumia nusu dakika ya thamani kubwa kuliko zote, wakati masikio yote yamekuelekea, kusema yasiyo na habari. Linganisha na huu:

"Mwaka 1854 mjane mmoja aliyeishi Hampstead, nje kidogo ya London, alikufa kwa kipindupindu. Wakati ule Hampstead hakukuwa na kipindupindu. Kwa miezi mingi mama huyo hakuwa amekanyaga Soho, ambako watu walikuwa wakifa kwa mamia. Ila alipenda maji ya pampu moja ya huko, na kila siku aliletewa chupa."

Kisha nyamaza kidogo. Sema salamu na mada yako baada ya hapo ukitaka. Sasa watu wanataka kujua. Angalia kilichofanyika: hakuna utani uliolazimishwa, hakuna swali la "nani hapa amewahi...?", hakuna fasili ya kamusi. Kuna mtu, mahali na jambo lisiloeleweka, na kisa chenyewe kinabeba sentensi yako yote ndani yake. Kila mada ina mjane wake. Hata hesabu na fizikia. Mtafute kwenye maelezo madogo ya vitabu, pale mwandishi anapoacha kutoa kanuni na kusema nini kilitokea.

Katikati, kazi yako kubwa ni kumshika msikilizaji mkono kila unapogeuka kona. Sema waziwazi: "Hiyo ndiyo imani ya wakati ule. Sasa tuone Snow alifanya nini." Kwenye maandishi ungeonekana unajirudia, kwenye usemi ni fadhila. Namba zipunguze makali: Snow aliandika kwamba vifo vilipita 500 ndani ya siku kumi, nawe sema "zaidi ya 500 kwa siku kumi", basi. Majina ya watu yasizidi mawili au matatu.

Na sentensi zenyewe zivunje. Hii hapa ni sentensi ya aina tunayoinakili kila siku: "Kipindupindu ni ugonjwa wa kuhara unaosababishwa na bakteria ambaye huenezwa kupitia maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi cha mtu aliyeambukizwa, na ambao usipotibiwa unaweza kusababisha kifo ndani ya saa chache kutokana na upotevu wa maji mwilini." Ni sahihi, na haisemeki. Jaribu kuitamka kwa pumzi moja. Sasa hii: "Kipindupindu kinaua kwa kukausha. Mgonjwa anaharisha mpaka mwili unaishiwa maji. Asipotibiwa, anaweza kufa ndani ya saa chache. Bakteria anatoka kwenye kinyesi cha mgonjwa, anaingia kwenye maji, na kwenye maji anaingia kinywani mwa mtu mwingine." Elimu ni ileile. Ila ya pili unaweza kuisema ukimtazama mtu usoni.

Mwisho uuandae mapema, neno kwa neno. Wasilisho zuri linaloishia "basi... nadhani ni hayo tu" linafanana na mtu aliyepika vizuri akasahau kupakua. Kwa mfano wetu ningemrudia mjane: "Chupa ile ilisafiri kutoka Soho hadi Hampstead, na ugonjwa ulisafiri ndani yake. Hewa ya Soho haikwenda Hampstead. Maji ndiyo yaliyokwenda." Kisha: "Asanteni. Nakaribisha maswali."

Hatua ya 5: Sasa fungua slaidi

PowerPoint ilitoka mwaka 1987. Walimu waliofundisha vizuri kabla ya hapo walikuwa na ubao, chaki, na kitu cha kusema. Silaumu slaidi hata kidogo, nazipenda. Nataka tu zishike nafasi yake, ambayo ni kuonyesha kile ambacho maneno hayawezi kuonyesha.

Sababu yenyewe ni ya kichwani. Mtu hawezi kusoma sentensi moja na kusikiliza nyingine kwa wakati uleule. Lazima aache moja, na mara nyingi ataiacha sauti yako. Lakini anaweza kutazama picha, ramani au mchoro huku akikusikiliza, na vyote viwili vikasaidiana. Kwa hiyo kila slaidi iulize swali moja: mtu akiipata bila mimi, ataelewa kila kitu? Kama jibu ni ndiyo, hiyo ni makala. Mpe mwalimu ikiwa chapa, uondoe ukutani.

Tuchukue slaidi moja tuitengeneze. Kwa kawaida ingekuwa na kichwa "Utafiti wa Snow" na chini yake mistari sita yenye vitone: alitembelea nyumba, alihesabu vifo, alichora ramani, kadhalika. Futa mistari yote sita, hayo utayasema. Weka ramani ya Soho, nukta nyeusi za vifo, na pampu imezungushiwa duara. Juu yake badilisha kichwa kiwe sentensi: "Vifo vimeizunguka pampu moja." Chini kabisa, kwa herufi ndogo, ramani imetoka wapi. Imekwisha. Ukifika hapo, unakaa kimya sekunde tatu waitazame, kisha unaonyesha kwa kidole: hapa ni pampu, hapa kuna kiwanda cha bia chenye wafanyakazi zaidi ya 70, na hakuna nukta hata moja. Hapo ndipo darasa linaposogea mbele kwenye viti. Wafanyakazi walipewa bia, na kiwanda kilikuwa na kisima chake.

Mambo ya ufundi ni machache. Herufi zisipungue ukubwa wa 28, vichwa vya habari zaidi. Rangi ya maandishi iachane vizuri na rangi ya nyuma: nyeusi juu ya nyeupe haijawahi kumwangusha mtu, ila njano juu ya nyeupe huangusha kila siku, kwa sababu projekta hufifisha rangi kuliko kioo cha kompyuta. Usitenganishe vitu kwa nyekundu na kijani pekee, kuna watu wasiozitofautisha. Kwenye chati, andika jina la mstari pembeni mwa mstari wenyewe badala ya kumtuma mtazamaji kwenye kisanduku cha kona. Mbwembwe za herufi zinazoruka na kuzunguka ziache. Na ili ujue kama slaidi inasomeka, ipunguze kwenye kompyuta mpaka iwe ndogo kama kibiriti: usichoweza kusoma hapo, aliyekaa nyuma kabisa hatakisoma.

Ngapi? Watu hupenda kuuliza. Sina namba. Kwa dakika kumi za mfano wetu mimi ningekuwa na tano: kichwa cha mada, picha ya London ya wakati ule, ramani, ramani ileile ikiwa na kiwanda cha bia kimewekewa alama, na ya mwisho yenye ile sentensi yetu moja, ambayo ingebaki ukutani wakati wote wa maswali.

Hatua ya 6: Simama ufanye mazoezi

Kupitisha macho kwenye dondoo ukiwa umelala kitandani si mazoezi. Mdomo hujifunza kwa kusema, miguu hujifunza kwa kusimama. Simama, weka saa, sema kwa sauti ileile utakayotumia darasani, tangu neno la kwanza hadi "nakaribisha maswali". Mara ya kwanza utajikanyaga na utazidisha muda. Ni kawaida kabisa; afadhali ujikanyage mbele ya ukuta. Mara ya pili utaona ni wapi pagumu. Mara ya tatu maneno yanaanza kukaa. Nne au tano, zikigawanywa katika siku mbili tatu, zinafaa kuliko kumi za usiku mmoja wa kuamkia siku yenyewe.

Usikariri yote. Anayekariri neno kwa neno, likimponyoka moja, yote yanamwagika, na hata yasipomwagika sauti yake inakuwa ya mtu anayesoma ndani ya kichwa. Kariri vitu vitatu tu: sentensi mbili za kwanza, sentensi za kuvukia kutoka hoja moja hadi nyingine, na maneno ya mwisho. Katikati, jua unachosema, maneno yatakuja na kila mara yatakuja tofauti kidogo. Kwenye kadi ndogo ya mkononi andika maneno machache makubwa: MJANE. HEWA CHAFU. RAMANI. BIA. CHUPA. Jicho moja la haraka linatosha.

Mara moja jirekodi kwa simu. Haipendezi kujisikia, lakini hakuna mwalimu mkweli kama huyo. Utasikia "yaani" na "kwa hiyo" zako zote. Usijaribu kuziua kwa nguvu. Mahali pa "yaani" weka kimya kifupi, taratibu zitapungua. Sikiliza pia mwisho wa sentensi zako: wengi humeza neno la mwisho, nalo mara nyingi ndilo lenye habari.

Jaribu pia kuanza kutoka katikati, kwenye hoja ya pili moja kwa moja. Ukiweza hivyo, hata ukikatizwa utajua pa kurudi.

Kama ni kazi ya kikundi

Kosa kubwa la vikundi ni kugawana kurasa: wewe dalili, yeye kinga, mimi tiba, tukutane siku hiyo. Matokeo yake ni mawasilisho matatu mafupi yaliyofungwa kamba. Tafuteni ile sentensi moja pamoja, ndipo mgawane hoja. Mtu mmoja aunganishe slaidi zote ili zifanane. Fanyeni mazoezi ya pamoja mara mbili, mkiwa mmesimama, na mpokezane kwa maneno: "Tumeona imani ya hewa chafu; mwenzangu atawaonyesha ilivyovunjwa." Kila mmoja ajue sehemu za wengine kiasi cha kuweza kumshikia asipofika. Na mwenzenu anapoongea, mtazameni yeye. Darasa hutazama mnapotazama.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Faili iwe mahali pasipopungua pawili: kwenye fleshi na kwenye barua pepe yako, na nakala moja ya PDF, kwa sababu kompyuta ya darasani ikikosa fonti yako itazipangua slaidi zote. Kama unatumia kompyuta yako, jua inachukua kebo gani. Fika mapema, fungua faili, nenda ukasimame nyuma ya darasa utazame. Kuna kitufe kimoja chenye faida ambacho wengi hawakijui: katika PowerPoint, slaidi zikiwa zinaendelea, ukibonyeza herufi B kioo kinakuwa cheusi, ukibonyeza tena kinarudi. Kitumie unapotaka wakutazame wewe.

Projekta ikigoma, usisimame ukiipigapiga huku dakika zinayoyoma. Niliwahi kumwona binti mmoja, umeme ulikatika akiwa kwenye sentensi ya tatu. Alichukua chaki, akachora duara moja na mishale minne, akaendelea. Mikono ilikuwa ikimtetemeka na mishale ilipinda, lakini sauti ilibaki palepale. Aliweza kwa sababu moja: wasilisho lilikuwa ndani yake, si ndani ya kompyuta. Kabla ya siku yako, jiulize ni mchoro gani mmoja ungeuchora ubaoni kama kila kitu kingezimika, na uufanyie mazoezi.

Hofu je? Itakuja. Moyo utaenda mbio, kinywa kitakauka, viganja vitalowa. Ni mwili unakupa nguvu ya ziada, na hauna namna ya kujua kwamba mbele yako kuna wanafunzi wenzako, si simba. Mambo mawili yamenisaidia kuliko mawaidha yote ya "jiamini". La kwanza: wasikilizaji hawaioni hofu yako kama wewe unavyoihisi. Wanasaikolojia Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walichapisha utafiti juu ya hili mwaka 2003. Wazungumzaji walidhani wasiwasi wao unaonekana waziwazi kuliko ulivyoonekana kwa waliowatazama, na walioelezwa ukweli huo kabla ya kuzungumza walizungumza vizuri zaidi. Sasa na wewe umeelezwa. La pili ni la mtafiti Alison Wood Brooks, mwaka 2014: watu waliojiambia kwa sauti kwamba wana msisimko walihutubia vizuri kuliko waliojiambia kwamba wametulia. Kuushusha moyo unaodunda ni vigumu. Kuupa jina jingine inawezekana. Jiambie, "Nina hamu ya kuwaeleza habari hii." Kabla ya kuinuka, vuta pumzi, kisha itoe polepole, kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, mara nne au tano.

Ukifika mbele, usianze kuongea ukiwa bado unatembea. Simama. Weka miguu yote miwili chini. Tafuta uso mmoja wa kirafiki. Subiri kimya kije, halafu toa sentensi yako ya kwanza, ile uliyoikariri, polepole kuliko unavyotaka. Kasi ya kwanza ndiyo itakayobaki.

Macho yako mpe mtu mmoja kwa sentensi nzima, kisha hamia kwa mwingine upande wa pili. Kutupa macho juu ya vichwa vya watu, kama tunavyoshauriwa wakati mwingine, hakumdanganyi yeyote. Mikono iache ifanye inavyofanya unaposimulia nyumbani. Isiyokuwa na kazi ishike kadi. Ukisahau, nyamaza, angalia kadi, rudia sentensi ya mwisho uliyoisema, na njia itafunguka. Kimya cha sekunde nne kwako ni mwaka mzima, kwao ni mtu anayefikiri. Na usiombe radhi: "samahani sikujiandaa vizuri", "samahani slaidi haionekani". Kila samahani inawaonyesha kosa ambalo huenda hawakuliona.

Muda ukikubana, kata hoja iliyobaki, uende moja kwa moja kwenye maneno yako ya mwisho. Usiongeze mwendo.

Hatua ya 8: Maswali

Msikilize muulizaji mpaka amalize, hata kama umeshajua anakokwenda. Kisha lirudie swali kwa maneno mafupi ili aliyekaa nyuma naye alisikie; na wewe unapata sekunde tano za kufikiri. Jibu kwa ufupi, ukianza na jibu lenyewe, halafu sababu.

Maswali bora huja pale wasilisho lako lilipo dhaifu, na hapo uaminifu una thamani kuliko ujanja. Kwa mfano, mtu anaweza kuuliza: "Je, ni kweli kuondolewa kwa mpini wa pampu ndiko kulikokomesha ugonjwa?" Ni kisa maarufu, na mpini uliondolewa kweli, ili watu wasichote maji pale, tarehe 8 Septemba. Jibu la aliyesoma ni hili: "Si kwa uhakika. Snow mwenyewe alieleza kwamba vifo vilikuwa vimeshaanza kupungua, kwa sababu watu wengi walikuwa wamelikimbia eneo hilo." Umekubali udhaifu, na heshima yako imepanda. Huo ndio wakati wa ule ukurasa wa akiba.

Usipojua, sema: "Hilo silijui. Ningeanza kulitafuta kwenye taarifa ya Snow mwenyewe ya mwaka 1855." Mwalimu hakati alama kwa hilo. Anakata pale unapozunguka mbuyu kwa dakika mbili bila kutua.

Ukisharudi kwenye kiti chako, kabla joto halijaisha, andika mistari mitatu kwenye daftari: wapi walisogea mbele, wapi walianza kutazama simu, na swali gani lilikukuta mikono mitupu. Siku utakapopewa mada nyingine, fungua ukurasa huo kwanza, kompyuta ikiwa bado imefungwa.